Risala ya Wauguzi, Wakunga na Matabibu wa Zahanati za Vijijini, Mkoa wa Singida, Kuhusu Kaswende Inayojificha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Waheshimiwa Waganga Wakuu wa Wilaya,
Mabibi na Mabwana,

Tunatoka zahanati za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Kero zifuatazo tumezivumilia muda mrefu, na leo tunazileta kwako tukiamini zimo ndani ya uwezo wako.

1. Mheshimiwa, tumezoeshwa kuitafuta kaswende kwenye kidonda. Kidonda chake hakiumi na hukauka chenyewe, hivyo mgonjwa haji. Anayekuja wiki kadhaa baadaye ana vipele viganjani na nyayoni, visivyowasha, au nywele zimenyonyoka mabakamabaka. Huyo huandikiwa dawa ya fangasi. Vinyama bapa vyenye majimaji kwenye njia ya haja kubwa huitwa bawasiri, na jicho jekundu lenye uoni unaofifia hupewa matone, ilhali ni la rufaa ya haraka na penisilini ya mshipani. Tunaomba mafunzo kazini, tena yenye picha za ngozi nyeusi kama zetu; wekundu unaosomwa vitabuni kwetu hauonekani.

2. Vitendanishi vya kipimo cha haraka cha kaswende tunavyoletewa ni vya kliniki ya wajawazito. Mwenye vipele hapimwi. Isitoshe, kipimo hicho huendelea kuonyesha ugonjwa hata kwa aliyekwisha kupona. Tunaomba vitendanishi kwa kila mwenye dalili, na, ili kumtofautisha aliyepona na anayeugua, kipimo cha RPR katika kila kituo cha afya.

3. Ukosefu wa dawa ndio unaotuumiza zaidi. Sindano ya benzathini penisilini uniti milioni 2.4, mara moja, hutibu kaswende changa. Iliyokaa muda mrefu huhitaji dozi tatu, moja kila wiki. Sindano inapoisha, tunaandika “dawa hakuna” kwenye kadi ya mjamzito, naye dawa mbadala, doksisaiklini, haimfai. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba, kwa wanawake ambao hawakupimwa kaswende wakati wa ujauzito, takriban nusu ya visa vya watoto kuzaliwa wafu vilitokana na kaswende ya mama. Tunaomba kila zahanati iwe na akiba ya miezi mitatu.

4. Waume hawaji. Mke hutibiwa, akirudi nyumbani huambukizwa upya. Tunaomba mwenza apimwe na kuchomwa sindano bila malipo, hata jioni akitoka shambani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.