Ahadi ya Serengeti iandikwe kwenye sheria

Kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kati ya geti la Tabora B upande wa Mugumu na geti la Kleins upande wa Loliondo, kuna kipande cha barabara chenye urefu wa kilomita 53. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania iliiandikia UNESCO kwamba kipande hicho hakitawekwa lami, kitabaki cha changarawe chini ya uangalizi wa TANAPA, na kitatumika kwa utalii na shughuli za hifadhi kama ilivyokuwa. Barua hiyo ilitiwa saini na waziri. Waziri huyo alikwishaondoka ofisini, na waliomfuata nao wakaja wakaondoka. Tunachouliza leo ni iwapo Serikali bado inaitambua saini ile kuwa yake.

Tunauliza kwa sababu lami inasogea. Mashariki, barabara ya Waso hadi Sale imekwishawekwa lami. Magharibi, ujenzi umekuwa ukitoka Makutano kuelekea Natta na Mugumu. Hatuna ugomvi na kazi hizo, kwani mjamzito wa Mugumu ana haki ya kufika hospitali bila kukwama kwenye tope. Lakini aliyewahi kufuatilia miradi ya barabara nchini anajua mambo huendaje. Ncha mbili za lami zikikaribia mageti, kipande cha katikati kitaanza kuitwa "kilichobaki", kitaombewa fedha kwa jina hilo, na barua ya 2011 itasomwa kama kikwazo cha maendeleo.

Kilichomo katikati ya ncha hizo kinahitaji kuelezwa upya, maana inaelekea ofisini kinasahaulika. Nyumbu wapatao milioni 1.3, pamoja na pundamilia na swala kwa malaki, huizunguka Serengeti kila mwaka wakifuata mvua. Huzaa nyanda za kusini karibu na Ndutu mwanzoni mwa mwaka. Majani yakikauka huelekea magharibi, kisha kaskazini mpaka Mto Mara, kwa kuwa huo ndio mto pekee wa eneo lote usiokauka kiangazi. Barabara tunayoizungumzia inaikata njia yao kaskazini huko, wakati wa kiu. Mwaka 2010 kundi la wanasayansi, akiwemo Anthony Sinclair aliyeitafiti Serengeti tangu miaka ya 1960, lilionya kwamba nyumbu wakitenganishwa na malisho ya kaskazini idadi yao inaweza kuporomoka hadi chini ya laki tatu.

Onyo hilo halikutoka hewani. Serengeti imewahi kuwa na nyumbu wachache, na kilichotokea wakati huo kinajulikana. Sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuteketeza ng'ombe na wanyamapori pamoja, iliwaweka chini kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama robo milioni tu. Majani yasiyo na wa kuyala yalirefuka, yakakauka, yakawaka. Moto ulipita kila kiangazi na kuua miche kabla haijawa miti. Ng'ombe wa vijiji jirani walipochanjwa na sotoka ikatoweka, nyumbu waliongezeka mara tano katika muda usiofika miaka ishirini, moto ukapungua, miti ikarudi. Kwa hiyo anayewapunguza nyumbu anaiwasha mbuga. Twiga, simba, fisi na hoteli zote zilizojengwa kwa ajili ya kuwatazama wanategemea zile kwato kupita.

Wapo watakaosema lami na wanyama vinaweza kuishi pamoja. Na wapande basi la Mbeya wakaangalie Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Matuta yamewekwa, mwendo umewekewa kikomo, faini zimebandikwa kwa kila aina ya mnyama kana kwamba ni bei za buchani, na bado wanyama wanagongwa. Mikumi haina msafara wa nyumbu milioni moja unaovuka kwa siku kadhaa mfululizo. Malori ya mizigo yakikutana na msafara wa namna hiyo, ajali zitatokea, watu watakufa, na hapo ndipo uzio utakapodaiwa kwa jina la usalama. Uzio ukishajengwa, uhamaji umekwisha.

Barua ya 2011 haikuwa ahadi ya kwanza. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Ilani ya Arusha na kuifanya Tanganyika mdhamini wa wanyamapori hawa mbele ya Afrika na dunia. Mwaka 1977 tuliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia. Mwaka 1981 Serengeti ikaorodheshwa kwa ombi letu wenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa hapo hapo Arusha mwaka 1999, unazitaka nchi wanachama zishirikiane kulinda mazingira na wanyamapori wanaovuka mipaka. Ni kwa mkataba huo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, tarehe 20 Juni 2014, ilitamka kwamba mpango wa barabara ya lami kupita Serengeti ni kinyume cha sheria. Serikali iliyokaa kwenye meza hizo zote haiwezi leo kusema imefungwa mikono na wageni.

Kuna ahadi nyingine, ya zamani zaidi, ambayo watetezi wa hifadhi hupenda kuiruka. Serengeti haikuwa ardhi tupu. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikubali kuiacha, na mwaka uliofuata likaundwa Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambako waliahidiwa kuendelea kuishi na mifugo yao. Ahadi hiyo imeheshimiwa kiasi gani ni jambo linalouma mpaka leo, Ngorongoro na Loliondo, na hatutalifunika. Tunasema hivi: watu waliondolewa kwenye ardhi hii kwa hoja kwamba ng'ombe wao wangewasumbua wanyama. Kuipitisha barabara kuu ya malori juu ya ardhi hiyo hiyo ni kuwatukana wazee wale makaburini.

Mahitaji ya wananchi ni ya kweli, na njia ya kuyatimiza ipo. Barabara ya kuzunguka kusini mwa hifadhi, kutoka Karatu kupita Mbulu, Haydom na mto Sibiti hadi Meatu, Lalago na Maswa, inapita penye watu, si penye nyumbu. Huko kuna vitunguu vya Mang'ola, ngano ya Mbulu na pamba ya Simiyu. Ujerumani ilijitolea kugharamia upembuzi wa njia hiyo pamoja na barabara za wilaya zinazopakana na hifadhi. Daraja la Sibiti limejengwa. Kila mwaka barabara hii inapocheleweshwa, wanaotaka kupita katikati ya hifadhi wanapata hoja mpya.

Nairobi nayo haina pa kuegemea. Mto Mara unaanzia msitu wa Mau, kutoka vijito vya Amala na Nyangores, na mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilikata zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo na kuzigawa. Kikosi kazi cha mwaka 2009 kilieleza hasara kwa kirefu. Mawaziri wa pande zote mbili hukutana kila Septemba kuadhimisha Siku ya Mara, hupanda miti na kupiga picha. Mto ukikauka juu, hakuna barabara itakayohitaji kuzuiwa chini.

Tunaitaka Wizara ya Maliasili na Utalii ipeleke bungeni marekebisho ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, yatakayokitaja kipande cha Tabora B hadi Kleins kwa ncha zake, yapige marufuku lami na uzio, na yafunge njia hiyo kwa malori ya mizigo yanayopita tu. Tunaitaka Wizara ya Ujenzi itangaze hadharani ratiba na fungu la fedha la barabara ya kusini, kipande kwa kipande, ili wananchi wa Mbulu na Meatu waweze kuwadai wabunge wao. Bunge la bajeti huanza Dodoma kila Aprili. Marekebisho tunayoyadai hayafiki kurasa mbili.