Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" linaniudhi, na leo nalisema bila kumung'unya. Tazameni lilivyoundwa. Hiyo -li- ya katikati ni ya wakati uliopita, na -pendwa haimtaji aliyependa. Neno moja tu, nyimbo zimeshazikwa na wafiwa hawajulikani! Mimi nina miaka ishirini na minne. Nimezaliwa Mlimani Park Orchestra ikiwa imeshamaliza ujana wake, na nyimbo zake nazipenda. Leo hii. Sasa huyo aliyeipachika hiyo -li- alimuuliza nani?

Utotoni nilizisikia kwenye redio ya nyumbani, zikanipita kama zinavyowapita watoto wengi. Mwaka huu nimezirudia kwa fujo. Hapa Mbinga mjini ukiitaka Sikinde unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta, unampa kadi ya simu, anakumwagia nyimbo mia kwa mpigo. Zote zimeandikwa "zilipendwa 1", "zilipendwa 2", hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna Muhidin Gurumo, hakuna Hassan Bitchuka, hakuna Cosmas Chidumule. Nikamwuliza, mshikaji, huyu anayeimba ni nani? Akasema, "Wazee wa zamani hao, kaka." Basi. Mtu aliyekesha akitunga kageuzwa kuwa rika. Wenzangu mnaoota kuona majina yenu juu ya jalada la kitabu, hapo hamuogopi?

Bendi yenyewe haikuota kama uyoga. Ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi la Dar es Salaam, TTTS, ikawachukua Gurumo na Bitchuka kutoka Juwata Jazz. Mtindo wake ukapewa jina la ngoma ya Wazaramo: Sikinde. Mwaka 1983 DDC ikaichukua. Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka wakahamia Orchestra Safari Sound kupiga Ndekule, watu wakadhani Sikinde kwisha. Wapi! Huku nyuma upinzani wake na Msondo uligawa watu kama Simba na Yanga.

Lakini mimi si mpiga gitaa, nataka kuandika riwaya, na ndiyo maana nang'ang'ania. Sikilizeni wimbo wa Sikinde kuanzia mwanzo. Kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, mtu ana jina, ana mke, ana deni, ana majirani wenye midomo. Sauti zinapokezana, magitaa yanajibu. Halafu linakuja chemko, mwendo unabadilika, na yale maumivu uliyosimuliwa unayacheza. Mwandishi gani kati yetu anaweza kumfanya msomaji acheze msiba? Hata majina, Neema, Talaka ya Hasira, yanatosha kuwa majina ya riwaya. Sisi je? Hadithi tunazopitishiana zina Steve na Jack, wanakunywa whisky kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea. Mwandishi mwenyewe amekulia kwenye kahawa, chakula chake ugali kwa usipa, na katika kurasa thelathini hakuna usipa hata mmoja!

Wazee nao wasicheke, nao nina neno nao. Hawa wanaokaa baa wakisema muziki wa siku hizi takataka, ule ndio ulikuwa muziki. Mwulize mmoja wao, shikamoo baba, wimbo huu katunga nani? Kimya. Anachokipenda ni suruali yake ya bugaluu na kiuno alichokuwa nacho. Mapenzi ya namna hiyo yanaifanya enzi kuwa matanga ya kudumu, na kijana akipita pale anaona hakuna pa kukaa.

Mbona huku ziwani walijua kupenda vizuri zaidi? Nenda Liuli au Mbamba Bay ukutane na mganda. Mizizi yake ni beni, na beni ni watu waliozitazama bendi za jeshi enzi za ukoloni, wakavutiwa na gwaride na tarumbeta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma za namna hiyo zikasambaa pande hizi za Ziwa Nyasa. Hawakukaa wakalia kwamba hawana tarumbeta za shaba. Walichukua vibuyu, wakavifanya vilie, wakaweka mistari yao na nyimbo zao wenyewe. Gwaride la mkoloni likawa ngoma ya Wanyasa. Kuipenda Sikinde kwangu mimi ni hivyo: naiba. Naiba lile chemko niliweke sura ya saba.

Na tufanye haraka. Kule Detroit, Marekani, kampuni ndogo ya Africassette ilitoa diski ya nyimbo za Sikinde mwaka 1994. Bendi hizi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo siku hizi ni TBC, na mkanda hausubiri tumalize kubishana. Gurumo alifariki mwaka 2014. Kila anayeondoka anakwenda na majibu ya maswali ambayo hatujauliza.

Mimi nimeanza na daftari la mistari. Jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, mpiga solo, mwaka. Nimefika wimbo wa thelathini na moja, na safu ya mtunzi ina mapengo mengi. Mwenye kava la kaseti nyumbani, hata kama kanda yenyewe imeshakatika, anakili kila kilichoandikwa pale aniletee.