Mtihani wa Kujiunga na Sheria Ufike Chakol

Nchini Kenya, ndoto ya uwakili huamuliwa mwezi wa Novemba, katika ukumbi wa mtihani wa kidato cha nne. Anayetaka kusomea shahada ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari hudaiwa wastani wa C+ katika KCSE, na juu yake gredi ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Haitwi kwenye mahojiano wala hapewi insha ya kumpima anavyofikiri. Kwa msichana aliyemaliza shule Chakol, Teso Kusini, kati ya Busia na Malaba, gredi hizo mbili ndizo zinazoamua kama siku moja atasimama katika mahakama ya Busia akiwa wakili, au atafika pale kama mlalamikaji tu.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Makerere, zaidi ya kilomita 200 kutoka Malaba, huwafanyisha mtihani maalumu wanaoomba kusomea sheria, hata wale waliofaulu vizuri kidato cha sita. Utaratibu huo umekuwapo tangu 2012, na alama ya kupita ni 50 kwa 100. Uganda Christian University ya Mukono nayo ina mtihani wake. Mwombaji anapimwa ufahamu wa lugha, mambo yanayoendelea ulimwenguni na uwezo wa kujenga hoja kwa maandishi. Wateso wa Tororo na Wateso wa Chakol wana lugha moja na mara nyingi ukoo mmoja, lakini kila upande unaingia katika taaluma hiyo kwa njia yake.

Je, Kenya nayo ianzishe mtihani wa kujiunga na sheria? Ndiyo, ila kwa sharti zito: uwe njia ya pili ya kuingia kwa waliokosa gredi, usiwe kizuizi kingine kinachowekwa juu ya KCSE, na maandalizi yake yawe ya bure na yafike mahali kama Chakol. Sharti hilo lisipotimizwa, heri mambo yabaki yalivyo.

Wengi wakisikia habari za mtihani wa sheria hudhani ni kukariri vifungu vya Katiba. Sivyo. Mtihani unaojulikana zaidi duniani, LSAT, ulifanywa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1948, na matokeo yake hutolewa kwa alama kati ya 120 na 180. Uingereza ilianzisha LNAT mwaka 2004: maswali 42 ya kuchagua jibu kwa dakika 95, kisha insha moja ya dakika 40. India ina CLAT tangu 2008. LSAT na LNAT hazimuulizi mtahiniwa sheria yoyote. Zinamuuliza kama anaweza kusoma maandishi magumu, akaona hoja imesimama juu ya nini, na akatambua mahali ilipovunjika.

Mfano mdogo unatosha. Kila lori lililopita Malaba jana lilikaguliwa. Lori hili lilikaguliwa jana. Kwa hiyo, lori hili lilipita Malaba jana. Hoja hiyo ina kasoro gani? Dereva wa masafa marefu aliyewahi kukesha kwenye foleni ya mpakani atajibu bila kusita kwamba huenda lori lilikaguliwa Busia. Ukaguzi unafuata kupita Malaba, lakini kupita Malaba hakufuati ukaguzi. Sasa ichukue kasoro hiyo hiyo uifiche ndani ya maneno 400 ya Kiingereza kizito kuhusu kodi ya mazao, uongeze dhana mbili ambazo mwandishi hakuzitaja, kisha umpe mtahiniwa dakika mbili na ushei kwa kila swali. Akili ya yule dereva bado ni ile ile. Anachokosa sasa ni mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Yanadai karatasi za miaka iliyopita pamoja na majibu yaliyoelezwa, muda uliopimwa kwa saa, na mtu mzima anayeweza kusahihisha insha na kusema wazi imepwaya wapi. Mwanafunzi wa Nairobi ambaye mzazi wake ni wakili huvipata vyote mezani kwao baada ya chakula cha jioni. Wa Chakol hununua bando, hutafuta karatasi kwa simu, huenda saiba ya Busia au Malaba kuzichapisha ukurasa kwa ukurasa kwa pesa zake, na insha yake hubaki bila kusahihishwa kwa sababu mwalimu wa Kiingereza ana madarasa manne. Huo ndio ukweli unaopaswa kuwa mbele ya yeyote anayebuni mtihani wa namna hii. Wasioandaliwa sawa hawawezi kupimwa sawa.

Wamarekani walilijifunza hilo polepole. Maandalizi ya LSAT yamekuwa biashara kubwa, na ada ya mtihani peke yake inapita dola 200. Mwaka 2018 shirika lenye mtihani huo liliungana na Khan Academy kutoa mazoezi ya bure mtandaoni, hatua ambayo ingefaa kuchukuliwa miongo mingi kabla. Kuna na jambo jingine. Kwa miaka mingi LSAT ilikuwa na sehemu ya mafumbo ya mpangilio: nani akae kiti gani, nani atangulie nani. Wengi waliyafumbua kwa kuchora michoro. Mtu mmoja asiyeona alishtaki, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo ikaondolewa. Kumbe sehemu nzima iliyoaminiwa kupima akili ya kisheria ilikuwa inategemea macho pia.

Kenya ina jambo linalofanana na hilo, na ni lugha. Mtoto wa Chakol huzungumza Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani. Kanuni za sasa zinamruhusu kuingia sheria kwa B ya Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Lakini mtihani wa kujiunga ukitungwa kwa Kiingereza pekee, ruhusa hiyo itafutwa kimyakimya, na kitakachopimwa ni mazoea ya Kiingereza cha mjini huku watu wakiamini kwamba wanapima hoja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mtihani uwe katika lugha zote mbili na mtahiniwa achague. Atakuwa na miaka minne ya shahada kuinoa lugha ya mahakama.

Kwamba ufahamu wa sheria hautegemei cheti cha shule, watu wa Busia wameuona ushahidi wake kwa macho yao. Okiya Omtatah, waliyemchagua kuwa seneta mwaka 2022, alikuwa mwandishi wa tamthilia kabla ya kujulikana kwa kesi zake, na huzifikisha mahakamani mwenyewe bila kuwa wakili. Alikuwa miongoni mwa waliopinga Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Rufani iliitangaza sheria hiyo yote kuwa kinyume cha Katiba mwezi wa Julai 2024, ingawa Mahakama ya Juu iliubatilisha uamuzi huo Oktoba mwaka huo huo. Mtu anaweza kukubaliana na hoja zake au kuzikataa. Asichoweza kusema ni kwamba hajui kusoma sheria.

Pengo kubwa zaidi, na ndilo lenye maumivu zaidi, liko Karen, Nairobi. Kenya School of Law, iliyoanzishwa 1963, ndiyo inayowafunza wahitimu wa shahada kabla ya kuapishwa kuwa mawakili. Kanuni za Baraza la Elimu ya Sheria zinamruhusu aliyepata C katika KCSE kusoma diploma, akifaulu vizuri aingie shahada. Kijana anaifuata njia hiyo kwa uaminifu: miaka miwili ya diploma, miaka minne ya chuo kikuu, karo iliyotokana na ng'ombe na mihogo. Kisha anatuma maombi Karen na kuambiwa kwamba gredi yake ya lugha ya kidato cha nne haitoshi. Wahitimu wengi wamekwenda mahakamani kwa sababu hiyo, wakibishana kuhusu namna aya za Jedwali la Pili la Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 zinavyounganishwa, na mahakama zimetoa hukumu zinazovutana. Jambo linalosikitisha ni kwamba sheria hiyo hiyo inataja mtihani wa kabla ya mafunzo ya uwakili, lakini inautaja kama sharti la ziada juu ya gredi. Bunge lingeweza kuugeuza kuwa mbadala wa gredi. Aliyekosa B akiwa na miaka 18, kisha akahitimu shahada akiwa na miaka 25, apewe mtihani wa haki unaopima alivyo leo.

Wanaotaka mtihani uwe chujio kwa kila mtu wana hoja inayopaswa kusikilizwa. Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria Tanzania yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Si haki kumpokea mwanafunzi, kuchukua ada yake, kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Mtihani wa mapema ungewaokoa baadhi yao na hasara hiyo.

Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka wake. Wale 633 wote walikuwa na shahada. Kama mtu anaweza kumaliza chuo kikuu na bado akashindwa kiasi hicho, la kwanza kuulizwa ni alifundishwaje kwa miaka hiyo yote, kisha ndipo yaulizwe ya mlangoni. Uganda ililigusa swali hilo kwa njia nyingine. Law Development Centre ya Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya 1970, iliweka mtihani wa kujiunga kwa wenye shahada ya sheria mwanzoni mwa miaka ya 2010. Malalamiko yalifika bungeni, na baadaye mtihani huo ukaondolewa. Ule wa Makerere, unaofanywa kabla ya mtu kutumia miaka yake minne, umebaki. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kumpima mtu kabla hajalipa ni kumheshimu, hata akishindwa, kwa kuwa bado ana muda wa kutafuta fani nyingine.

Afrika Mashariki imewahi kuufungua mlango wa taaluma hii kwa makusudi. Kabla ya uhuru, aliyetaka uwakili alilazimika kwenda nje, mara nyingi London. Kamati iliyoongozwa na jaji Mwingereza, Lord Denning, mwaka 1961 ilipendekeza Waafrika wafunzwe sheria kwao, na mwaka huo huo kitivo cha kwanza cha sheria katika eneo hili kikafunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14, kikizihudumia Tanganyika, Kenya na Uganda. Umbali ulitambuliwa kuwa dhuluma, na dawa yake ikawa kuisogeza elimu karibu na watu. Umbali wa sasa ni mfupi zaidi, lakini kwa familia ya Chakol, nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, malazi ya usiku mmoja na ada ya mtihani vinaweza kuwa sababu tosha ya kutojaribu kabisa.

Kuufikisha mtihani mpakani si kazi ngumu. Baraza la Mitihani la Kenya kila mwaka husambaza karatasi za KCSE hadi kwenye makontena ya kaunti ndogo, zinachukuliwa alfajiri chini ya ulinzi na kufika shuleni kabla ya saa mbili. Chuo Kikuu cha Alupe kiko kando ya Busia na kina kumbi. Kinachokosekana ni uamuzi, pamoja na fungu la fedha la kuchapisha vijitabu vya mazoezi na kuwalipa walimu wachache kila kaunti wasahihishe insha siku za Jumamosi.

Muda nao unabana. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10 Januari 2026 na watamaliza sekondari ya juu 2028, na kwao ile B ya Kiingereza au Kiswahili iliyoandikwa katika sheria haitakuwapo kwa sura ile ile. Kwa hiyo masharti ya kusomea sheria yataandikwa upya, watu wapende wasipende, na Baraza la Elimu ya Sheria halina kisingizio cha kungoja. Kama njia ya mtihani itawekwa, karatasi za mazoezi zenye majibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zinapaswa kuwa mikononi mwa walimu wa Chakol, Amukura na Malaba kabla ya mwisho wa 2027, ili kundi hilo la kwanza lipate mwaka mzima wa kujizoeza.