Uzembe wa Usajili Unabomoa Ngome za Timu

Kila msimu wa kandanda unapofunguliwa, husikika katika vilabu vidogo kilio kile kile. Mchezaji fulani amekwisha kuwasili, amekwisha kufanya mazoezi na wenzake, hata jezi yake imekwisha kutiwa namba, lakini hawezi kucheza kwa kuwa karatasi zake hazijatoka. Viongozi huyasema maneno hayo kana kwamba karatasi ni mvua, itanyesha kwa wakati wake. Timu ikifungwa mabao manne kwa moja, lawama humwangukia kipa, kisha kocha, na hatimaye mwamuzi. Ni nadra sana lawama kufika kwenye meza ya katibu, ambako mchezo ule ulianza kupotea wiki kadhaa kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa.

Vinavyozungumzwa hapa si vilabu vikubwa vyenye ofisi na mawakili. Ni vile vilabu vya daraja la kati ambavyo wachezaji wake hupata posho kidogo kwa mchezo, lakini chakula cha nyumbani hutoka katika kazi nyingine: kiwandani, shuleni, halmashauri, au kwenye karakana. Katibu wa klabu ya namna hiyo naye aghalabu ni mwalimu au mtumishi wa ofisi, anayezijaza fomu jioni baada ya kazi. Kwa hiyo suala hili linawahusu watumishi moja kwa moja, maana uzembe unaolalamikiwa uwanjani ni ule ule unaolalamikiwa mbele ya dirisha la masjala.

Upo mfano wa Uingereza unaofaa kuchunguzwa. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool bao 1-0, iliruhusiwa kuhamishiwa mji wa Milton Keynes. Mashabiki wake walikataa kuifuata. Wakaunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza chini kabisa, katika ligi ya daraja la tisa. Ilikuwa klabu ya mashabiki, yenye wachezaji wa posho na wafanyakazi wengi wa kujitolea, na ilikwenda mbio kwelikweli: kati ya Februari 2003 na Desemba 2004 ilicheza michezo 78 ya ligi bila kufungwa.

Katika msimu wa 2006–07, ikiwa sasa katika Ligi ya Isthmian, klabu hiyo ilimchukua beki wa pembeni Jermaine Darlington, aliyepata kuichezea ile Wimbledon ya zamani. Alitoka Cardiff City. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Cardiff hucheza katika ligi za Uingereza, lakini mji wake uko Wales, na Wales ina chama chake cha kandanda. Mchezaji anayetoka huko kwa hesabu za FIFA anavuka mpaka wa nchi, na anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, hata kama basi la kutoka Cardiff hadi London halisimamishwi na mtu yeyote mpakani. Hati hiyo haikuombwa. Darlington akapangwa katika ulinzi, akacheza, na baadaye kosa likagunduliwa.

Ligi iliikata klabu hiyo pointi 18. Ikatolewa pia katika mashindano ya FA Trophy. Makelele yalifika hadi kwa wabunge. Baada ya rufaa, adhabu ilipunguzwa hadi pointi tatu na faini, na AFC Wimbledon ikamaliza ya tano na kupata nafasi ya mwisho ya kuwania kupanda daraja, kabla ya kufungwa na Bromley 1-0. Kama pointi zote 18 zingebaki zimekatwa, hata nafasi hiyo ya tano isingekuwapo. Jasho la mwaka mzima la wachezaji zaidi ya ishirini lilikuwa karibu kumwagwa kwa sababu ya ombi moja ambalo halikupelekwa.

Katika msimu ule ule wa 2006–07, Bury ilitolewa katika Kombe la FA baada ya kuifunga Chester City 3-1, kwa kumchezesha mchezaji wa mkopo aliyekuwa hajakamilishiwa idhini. Wala matajiri hawakusalimika. Agosti 2017 Leicester City, iliyokuwa bingwa wa Uingereza mwaka mmoja tu uliotangulia, ilichelewesha nyaraka za kiungo Adrien Silva kwa sekunde 14, na FIFA ikakataa katakata. Mchezaji huyo akakaa bila kucheza ligi hadi Januari 2018. Lakini Leicester ilikuwa na viungo wengine wa kumpa nafasi yake. Klabu ndogo haina akiba hiyo.

Mwenye kuujua mchezo atauliza: kwa nini ngome ndiyo iumie zaidi? Mshambuliaji anaweza kuwasili Ijumaa na kufunga bao Jumamosi, kwa kuwa kazi yake kubwa ni ya macho yake na mguu wake. Mlinzi hawezi. Tangu sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, wakatakiwa wachezaji wawili wa upande pinzani badala ya watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, ulinzi umezidi kuwa kazi ya mstari mmoja unaopanda na kushuka kwa pamoja. Mmoja akichelewa hatua mbili, wenzake watatu waliopanda vizuri wamefanya kazi bure. Mazoea hayo hayapatikani kwa hotuba ya kocha katika chumba cha kuvalia. Hupatikana kwa wiki nyingi za watu wale wale kuitana, kusukumana na kukosoana.

Sasa tazama yanayompata kocha ambaye beki wake wa kati yuko mazoezini lakini hayumo katika orodha ya walioidhinishwa. Akimtumia mazoezini, ataujenga mstari ambao siku ya mchezo utavunjwa. Akimwacha kando, siku karatasi zitakapotoka atakuwa mgeni miongoni mwa wenzake. Aghalabu kocha hujaribu kupita katikati. Humrudisha kiungo mkabaji acheze beki wa kati. Kwa kuwa kiungo ameondoka mahali pake, beki wa kulia mwenye mapafu husogezwa mbele akazibe pengo. Kwa kuwa kulia kumebaki wazi, kijana wa timu ya pili huitwa. Kwa hiyo fomu moja iliyokosekana imehamisha watu watatu, na hakuna hata mmoja anayecheza mahali alipozoea. Wiki inayofuata ahadi mpya hutolewa kwamba hati imo njiani, na mstari hupangwa upya tena. Halafu wanachama huitisha mkutano na kudai kocha afukuzwe kwa kuwa habadiliki, ilhali kosa lake ni kwamba amelazimishwa kubadilika kila Jumamosi!

Hapa nchini mambo haya si mageni. Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Simba ikalalamika kwamba beki mmoja wa Kagera alikuwa na kadi tatu za njano na hakustahili kucheza. Kamati ya Saa 72 iliipa Simba pointi tatu, kisha kamati nyingine ya TFF ikazirudisha kwa Kagera. Msimu ulipokwisha, Yanga na Simba zililingana kwa pointi 68, na Yanga ikawa bingwa kwa tofauti ya mabao. Hapa haihitajiki kuamua nani alikuwa na haki. Linalotisha ni kwamba ubingwa wa taifa ulining'inia katika swali ambalo daftari moja lililotunzwa vizuri lingelijibu kwa dakika tano: je, beki huyu ana kadi ngapi?

Tena hali ya Cardiff ina ndugu yake karibu. Zanzibar ina shirikisho lake na ligi yake, ingawa FIFA huitambua Tanzania kuwa mwanachama mmoja. Mchezaji anayepanda boti Unguja kwenda kuichezea klabu ya Bara anatoka chini ya ofisi moja na kuingia chini ya nyingine. Safari ya bahari ni ya saa chache. Katibu anayedhani kwamba safari ya faili ni fupi vivyo hivyo anajidanganya.

Wapo watetezi wasemao kwamba taratibu ni ngumu na gharama ni kubwa. Utetezi huo haukubaliki wote. Hati ya kimataifa, kwa kanuni za FIFA, hutolewa bila malipo, na huhitajika hata kwa mchezaji wa ridhaa. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa wachezaji wa kulipwa kutoka nchi moja hadi nyingine hupitia katika mtambo mmoja wa kompyuta ambao huandika saa na dakika ya kila hatua. Mtambo huo hauombwi radhi wala haujui kwamba katibu alikuwa msibani. (Wako makatibu ambao siku ya mwisho ya usajili huwa kwao siku ya kwanza.) Kinachochelewesha mara nyingi ni vitu vya kawaida kabisa: jina lililoandikwa kwa namna mbili katika vyeti viwili, picha iliyosahauliwa, barua ya klabu ya zamani isiyofuatiliwa, au sahihi ya mwenyekiti aliyesafiri.

Hata hivyo haitakuwa haki kumbebesha katibu peke yake mzigo wote. Kuna viongozi ambao huzuia fomu kwa makusudi, wakimtazama mchezaji kwa mwezi mzima bila kumfunga kwa mkataba, ili wakimwona hafai wamwache bila kumlipa. Huo si uzembe, ni unyonyaji. Kwa mchezaji wa posho, mchezo asiocheza ni mchezo asiolipwa. Ameacha kibarua alikotoka, amepanga chumba, na mke wake nyumbani anauliza pesa ziko wapi. Kila Jumamosi anakaa jukwaani na nguo za kawaida akiwatazama wenzake wakifungwa kupitia upande ambao ungekuwa wake.

Nao wenye mamlaka ya ligi na mashirikisho wana deni lao. Kutoza adhabu ni haki yao, maana bila tarehe ya mwisho hakuna mashindano. Lakini rufaa ya AFC Wimbledon ilionyesha tofauti iliyopo kati ya klabu iliyodanganya na klabu iliyokosea njia ya barua, na tofauti hiyo ifaa iandikwe katika kanuni kabla ya kosa, isingoje kelele za baada yake. Aidha ofisi inayompokea katibu wa wilayani na fomu zake ingepaswa kuzikagua palepale mbele yake, imwambie lililopungua, igonge muhuri wenye tarehe, na kumpa nakala. Kumwambia arudi wiki ijayo ni kumnyima kocha beki kwa michezo miwili. Klabu inayocheza Jumamosi inahitaji jibu, la ndiyo au la hapana, kufikia Jumatano asubuhi, kabla kocha hajaanza kuwapanga walinzi wake wanne kwa mazoezi ya mwisho.