Kunguru Hafugiki, Nasi Twamfuga

Wahenga walisema kwamba kunguru hafugiki. Neno hilo ni kongwe, na ni kweli ukilipima kwa kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe. Lakini yuko kunguru mwingine, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, ambaye nathubutu kusema kwamba twamfuga. Twamfuga bila ya tundu wala kamba, na posho yake twampa kila siku.

Asili ya ndege huyo ni Bara Hindi. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja, akitarajiwa kuusafisha mji kwa kula taka. Baadaye alienea pwani. Mnamo mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo mlio wake wasikika juu ya mapaa ya Lamu. Yeye hajengi mwituni mbali na watu. Huchagua mwembe, mkungu au mwarobaini ulio karibu na nyumba zetu, akapanga vijiti pamoja na vipande vya waya alivyookota, akataga humo mayai matatu mpaka matano. Kisha huwapora mnana na chozi mayai na makinda yao ili awalishe wake.

Basi wako wasemao: na auawe, yaishe. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja. Mimi simtetei kunguru. Ni mharibifu, na kumpunguza ni haki. Ninalolipinga ni ile fikira kwamba sumu peke yake yatosha.

Unguja walikwisha kujaribu. Katika miaka ya 1990 kunguru wengi sana waliuawa kwa mitego na sumu, hata wakapungua mjini. Kazi iliposimama, walirudi wakajaa kama kwanza. Sababu yake haifichiki. Wachache waliosalia waliikuta miti ile ile na chakula kile kile, tena washindani wamepungua. Kwa nini wasizae? Kumwua kunguru na kuliacha jaa wazi ni kuteka maji kwa pakacha.

Mtu atajibu kwamba kosa ni la wale waliomleta. Ndiyo, mlango waliufungua wao. Lakini wao wamekufa zamani, na matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukoni asubuhi ya leo hayakutupwa na maiti. Mwingine atasema kwamba taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Hilo nalo ni kweli nusu. Kaunti ina wajibu wa kuzoa, na ikizembea yapasa kuulizwa. Lakini mkono unaotupa makombo kichochoroni ni mkono wa mwenye nyumba.

Wala tusiseme kwamba jambo hili latushinda kwa kuwa mji wetu ni wa vichochoro vyembamba visivyopitiwa na magari. Mji huo huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mafundi wa Lamu hawa hawa waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja, kule kule kunguru alikotokea. Watu walioweza kuunda chombo kwa taka hawawezi kushindwa na kifuniko cha pipa.

Enyi wanafunzi, jambo hili laanzia kwenu. Hesabuni matundu ya kunguru yaliyo mitini karibu na shule yenu, kisha tazameni ni umbali gani kutoka kila tundu hadi jaa. Mkiisha kupima, waulizeni wakubwa ni lipi litangulie, sumu au ufagio. Rai yangu ni hii: jaa lifunikwe kwanza, na matumbo ya samaki yafukiwe, ndipo mitego itegwe. Pasipo utaratibu huo, kila kunguru tutakayemwua leo tutakuwa tumemwandalia nafasi mwenziwe wa kesho.