Jumapili Ni Yetu, Twende Mandari



Katika mikutano ya tawi tumezoea kubishana juu ya mshahara, matibabu na mabuti ya kazi. Mwenzetu mmoja aliposimama hapa Kigobe akauliza kwa nini chama hakijawahi kutuandalia mandari, watu walicheka. Walisema mandari ni mambo ya wenye magari. Sisi twasema swali lile ni swali la haki.

Tazameni juma letu. Siku za kazi ni za mwajiri. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii. Inabaki Jumapili, nayo wapo mabwana wanaoitaka pia. Tunakijua kiwanda ambacho msimamizi hupita Jumamosi jioni akiita watu "wa kujitolea", na anayekataa mara mbili hujikuta katika zamu ya usiku. Kujitolea gani huko? Mkataba namba 14 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1921, unasema mfanyakazi wa kiwandani apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku 7. Ufaransa mwaka 1936 wafanyakazi waligoma na kukalia viwanda, wakapata majuma mawili ya likizo ya kulipwa kila mwaka, na kiangazi kile kile wengi wao waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Sisi ziwa tunaliona kila siku kutoka juu ya paa tunazoezeka, lakini ni wangapi wameketi ufukweni pamoja na watoto wao?

Sasa twende wapi? Mahali pa karibu ni kilima cha Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kutoka Kigobe mtu hupita Mutanga, akavuka Ntahangwa, akapanda polepole. Hakuna nauli. Juu pale mji wote uko chini yako, ziwa linang'aa, na ng'ambo ni milima ya Kongo juu ya Uvira. Jambo moja tu: msiwaache watoto wakaribie kingo za Ntahangwa. Mto ule unakula ardhi, na makorongo yake yamekwisha kumeza nyumba.

Wa pili ni mto Rusizi, kilometa kama 15 kwa njia ya Gatumba. Eneo lile lilihifadhiwa tangu 1980. Kuna viboko, mamba, ndege wa kila namna na mitende ya porini. Pale hatuendi kila mtu kivyake. Twende kundi zima, tufuate maneno ya walinzi wa hifadhi, na tuondoke kabla ya jua kuzama, maana jioni kiboko hutoka majini kula majani na hapendi kukuta mtu kati yake na maji. Tuchague miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Mnakumbuka Aprili 2020 Rusizi ilipofurika na maelfu ya watu wa Gatumba wakahama makwao.

Kusini, kama kilometa 10 hivi, pako Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley. Husemwa kwamba ndipo walipokutana. Si kweli, walikutana Ujiji. Walilala Mugere siku mbili mwezi Novemba 1871, walipokuwa safarini kwenda kuona kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Majina yao wawili yamechorwa kwenye jiwe. Wapiga makasia waliowaleta kutoka Ujiji hawamo. Mfanyakazi akifika pale asome jiwe lile kwa makini.

Na ninyi wenzetu wa chai ya Teza na Rwegura, msituonee wivu. Mnakaa mlangoni pa Kibira, msitu wa hekta kama 40,000 wenye sokwe na vijito vya maji baridi. Maji ya upande ule yanajaza bwawa la Rwegura, na umeme wake unaendesha mashine zetu huku chini. Lakini wengi wenu msitu mnauona kama ukuta mwisho wa shamba. Ombeni mlinzi mmoja awaongoze, mwingie na watoto wenu.

Juu ya fukwe tuna neno kali. Sehemu nyingi karibu na mji zimezungushiwa ua, na ukitaka kuketi lazima ununue soda kwa bei ya chakula cha siku mbili. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika kuwa eneo la umma. Chama hakina budi kuuliza mita hizo ziko wapi.

Kuhusu usafiri, foleni za mafuta tunazijua wote. Hata hivyo lori linalobeba magunia siku sita laweza kubeba watu Jumapili moja kila miezi mitatu. Hilo liandikwe katika madai yetu, si liombwe kama sadaka.

Chakula kisiwe kazi mpya. Mama akiamka saa tisa usiku kupika ugali na ndagala za watu arobaini, huyo hakupumzika, amebadilishiwa zamu tu. Wanaume wachome ndizi na mishikaki hapo hapo. Kila mtu achukue bidoni ya maji yake, na takataka zirudi nasi. Pombe ibaki mjini, hasa siku ya Rusizi.

Wajumbe wa matawi wakusanye majina kabla ya mwisho wa Mei, wakionyesha idadi ya watoto. Tutaanza na Vugizo, kwa miguu, Jumapili ya kwanza ya Juni, saa moja asubuhi.