Uzoefu wa Nini?

Rais aliyeko madarakani hawezi kugombea tena mwaka 2030. Ibara ya 40 ya Katiba inasema makamu anayerithi kiti kikiwa kimebakiza miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu, na Samia Suluhu Hassan ameshaitumia mara hiyo Oktoba 2025. Kwa hiyo hapa Makongolosi watu wameshaanza. Kwenye foleni ya karasha, mtu akisubiri mawe yake yasagwe, hana cha kufanya ila kupanga marais. Kila jina linalotajwa linapimwa kwa neno moja. Huyu ana uzoefu, alikuwa waziri. Yule hana uzoefu. Kijana fulani anaongea vizuri, tena ana akili, lakini Ikulu si mahali pa kwenda kujifunzia kazi.

Nimelichoka neno hili. Sisemi uzoefu haufai. Nasema tunalitumia kama wenyewe wanavyotaka tulitumie. Katika nchi hii uwaziri, ukuu wa mkoa na ukuu wa wilaya vinatolewa na mtu mmoja, na tangu mwaka 1961 mtu huyo ametoka TANU, kisha CCM. Ukisema mzoefu ni yule aliyewahi kushika vyeo hivyo, umeenda kununua kwenye duka moja, na mwenye duka ndiye anayeamua nini kikae rafuni. Umeshapiga kura kabla ya uteuzi wa wagombea.

Katiba yenyewe haikuomba uzoefu. Ibara ya 39 inataka mgombea wa urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, awe na sifa za kuwa mbunge, na katika miaka mitano ya nyuma asiwe amepatikana na hatia ya kukwepa kodi. Basi. Sharti la uzoefu tumelitunga sisi wapiga kura, tukajibana nalo wenyewe.

Nasi hatukulitunga wa kwanza. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja Tanganyika ulisema nchi ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza wakaona hiyo ni haraka mno. Waafrika hawajawa tayari, hawajawahi kuendesha serikali. Wangeiendesha wapi? Miaka saba baadaye Julius Nyerere, mwalimu wa zamani wa Pugu, akawa Waziri Mkuu wa nchi huru akiwa na umri wa miaka 39. Wazee wetu wangekubali kipimo kile cha Waingereza, uhuru ungekuja karibu na mwaka 1980.

Lakini sina haja ya kwenda mbali, maana mwaka 2015 tulijionea. Edward Lowassa, Waziri Mkuu kuanzia Desemba 2005 mpaka alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, alikatwa jina na CCM kule Dodoma. Mwezi huohuo wa Julai akahamia CHADEMA, na CHADEMA ikampa tiketi ya urais. Kumbuka kwamba kamati teule ya Bunge iliyochunguza Richmond iliongozwa na mtu wa huku kwetu, Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, na kwamba wapinzani walikuwa wameitafuna Richmond majukwaani kwa miaka. Dk. Willibrod Slaa alishindwa kulimeza, akajiondoa. Na sisi huku? Nilibishana na vijana wa upinzani mpaka sauti ikanikauka. Jibu lao lilikuwa lilelile: safari hii tunaye mtu aliyeijua serikali kwa ndani.

Upande wa pili alisimama John Magufuli, aliyekaa serikalini kama naibu waziri na waziri kwa miaka 20 mfululizo. Magufuli akatangazwa kwa asilimia 58.46, Lowassa asilimia 39.97. Wagombea sita waliobaki waligawana asilimia isiyofika 2, akiwemo Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kwenye karatasi ile. Yaani karibu kila mpiga kura alichagua kati ya mawaziri wawili wa Baraza moja, lile la mwaka 2006. Tukaita hayo mabadiliko. Machi 2019 Lowassa akarudi zake CCM, na waliobishana nami wakawa hawapendi tena kuizungumzia habari hiyo.

Sasa mtazame huyo mzoefu aliyeshinda. Nampa haki yake. Januari 2019 Magufuli aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akawasikiliza. Mwaka uleule tukaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye dhahabu, na yakafunguliwa masoko ya madini, la Chunya likiwemo. Anayeuza gramu mbili leo anajua maana yake. Je, hilo alijifunza Wizara ya Ujenzi? Aliambiwa na watu wenye vumbi kwenye viatu, akakubali kuambiwa. Mwaka uliofuata ikaja korona. Takwimu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo mpaka yeye mwenyewe alipofariki Machi 2021. Mtu ni yuleyule, na miaka 20 ni ileile. Mara ya kwanza aliuliza, mara ya pili hakutaka kuulizwa.

Neno hili lina upendeleo wake pia. Samia alipoapishwa nilisikia wanaume hapa wakisema mama hana uzoefu. Makamu wa Rais kwa zaidi ya miaka mitano, kabla ya hapo waziri Zanzibar, kisha waziri wa Muungano! Wanaume walewale hawakuuliza chochote kuhusu Mkapa wala Kikwete. (Vilevile mwaka 2010, Mbeya Mjini walipomchagua Sugu, msanii wa hip hop, watu wazima walishika vichwa. Alikaa bungeni miaka kumi, na Bunge halikuanguka.)

Mzee mmoja mwenye duara, mtu ninayemheshimu sana, aliniweka sawa siku moja. "Mwanangu," akasema, "wewe utashuka kwenye duara ambalo matimba yamefungwa na mtu wa mara ya kwanza?" Hoja yake ni nzito, na anayeicheka hajawahi kushuka. Nikamjibu, "Sishuki, mzee wangu. Lakini hata yakifungwa na fundi wa miaka 30, wewe mwenyewe ulinifundisha niyagonge kwanza, na nisikanyage ngazi kama juu hakuna mtu wa kushika kamba." Akasema siasa si duara. Nikamwambia yeye ndiye aliyeanza.

Nililotaka kumwambia ni la kugonga. Oktoba 2025 hatukuweza kugonga chochote. Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, chama chake hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, intaneti ikazimwa, mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Katika hali hiyo kuuliza nani ana uzoefu zaidi ni kuuliza zaidi ya nani?

Kwa hiyo majina ya 2030 yakianza kupita hapa, mimi nitakuwa na maswali mengine. Ulipokuwa na wizara, ripoti ya CAG ilipokutaja, ulijibu nini, na nani alirudisha fedha? Kuna siku ulikataa agizo baya la bosi wako, au hukuwahi kukataa hata moja? Mwandishi aliyekuandika vibaya yuko wapi leo? Na yule ambaye hajawahi kuwa waziri naye asiachwe. Kama aliongoza AMCOS ya tumbaku, wakulima walilipwa lini? Kama aliendesha shule, zahanati au kikundi cha wachimbaji, mahesabu aliyasoma mbele ya nani? Huo nao ni uzoefu, na hapa Chunya wapo wanaume na wanawake wanaoweza kuujibia kwa daftari mkononi. Mgombea akinitajia vyeo tu, nitalirudia swali, na ningependa foleni nzima ya karasha ilirudie pamoja nami.